Mkate wa kuungwa na zabibu za kuanikwa: jioni ya Visiwa vya Eolie hapa Capri Point

Nimeuza dagaa Mwaloni, Kirumba, kwa miaka 22. Mtu akiniwekea mezani kitu kilichotiwa chumvi au kilichokaushwa juani, pua yangu inatangulia kula kabla ya mdomo. Nasema hivi mapema ili msomaji ajue napima kwa mzani gani. Sijasomea upishi, Ulaya sijafika, na mvinyo ninaoufahamu ni wa Dodoma. Lakini chumvi naijua, jua nalijua, na samaki aliyekaushwa vibaya namtambua kabla gunia halijafunguliwa.

Binti yangu ndiye aliyenipeleka, Jumamosi ya pili ya Agosti. Nyumba yenyewe haina kibao. Unapanda Capri Point mpaka bodaboda inagoma, unashuka, unafuata ngazi zilizochongwa kati ya miamba, kisha unatokea kwenye baraza lenye meza sita linalotazama ziwa. Mpishi ni kijana wa Ukerewe aliyefanya kazi misimu minne kwenye jiko la hoteli katika kisiwa cha Salina, Italia. Anapika Jumamosi tu, na lazima uagize siku mbili kabla. Kichwa kimoja ni shilingi 60,000. Mvinyo mtamu wa mwisho unalipiwa pembeni, 15,000 kwa glasi ndogo.

Alitupokea mlangoni mwenyewe, aproni ikiwa na unga. "Shikamoo mama. Karibu, nimesikia unauza Mwaloni." Nikaitikia, nikakaa, na moyoni nikawa nimeshampa alama moja, maana alikuwa ameulizia wageni wake kabla hawajafika.

Salina ni kimoja kati ya visiwa saba vinavyoitwa Visiwa vya Eolie, kaskazini mwa Sicily: Lipari ndicho kikubwa, halafu Salina, Vulcano, Stromboli, Panarea, Filicudi na Alicudi. Vyote vimezaliwa na moto wa chini ya bahari. Hata neno letu volkano limetokana na kile kinachoitwa Vulcano, ambako Warumi wa kale waliamini mungu wao wa moto ana karakana yake. Mlima wa Stromboli mpaka leo unarusha mawe ya moto usiku na mchana, na mabaharia wa zamani waliutumia kama mnara wa taa. Kijana ana jiwe moja la kijivu kutoka Lipari. Alilitumbukiza kwenye bakuli la maji, likaelea. Binti yangu alilishika na kulipindua mara nne.

Udongo wa majivu ya volkano una rutuba, kijana akatueleza, lakini maji ya kunywa ni shida kubwa. Nyumba za kule zinakinga mvua kwenye mapaa na kuipeleka kwenye matangi yaliyochimbwa chini, na kiangazi meli za maji zinatia nanga. "Mama, mimi nimekulia katikati ya maji. Kwetu unachota ziwani, unachemsha, unakunywa. Kule nilikuwa naamka naona maji pande zote na hakuna hata tone la kuchemshia chai." Nilipolisikia hilo nikaielewa meza nzima kabla haijaandaliwa. Watu wenye chumvi tele, jua tele na maji kidogo watakula vitu vya kuhifadhiwa. Hiyo ndiyo kazi yangu.

Kitu cha kwanza kilikuwa kapari. Kapari ni kitumba cha ua, kile ambacho hakijafunguka, cha kichaka kinachoota kwenye nyufa za mawe na kuta za matuta bila mtu kukimwagilia. Kidogo kinalingana na punje ya pilipili manga, kikubwa kinafika njegere. Kule Salina huchumwa kuanzia Mei hadi Agosti, alfajiri, mchumaji akiwa ameinama maana kichaka kinatambaa chini. Kichaka kilekile kinarudiwa kila baada ya wiki moja hivi. Ukichelewa, kitumba kinachanua, na ua lake jeupe ni zuri kulitazama lakini halina bei. Vitumba vidogo zaidi ndivyo ghali zaidi. Vikishachumwa vinapangwa kwenye pipa pamoja na chumvi ya mawe, tabaka kwa tabaka. Vinatoa maji, vinageuzwa visije vikapata joto na kuchacha, vinakaa wiki kadhaa mpaka ule uchungu wa majani mabichi unaisha.

Nilimkatisha hapo. Nikamwambia, mwanangu, hiyo ni kayabo. Sangara anapasuliwa, anapigwa chumvi, anapangwa, anatoa maji, anageuzwa. Ukimwacha bila kumgeuza, wa chini wanaoza huku wa juu wanapendeza, na mnunuzi wa Kongo anafungua mzigo Goma anakutukana kwa simu. Kijana akasema msimu wake wa kwanza kabla ya kuingizwa jikoni alipewa kazi ya kugeuza mapipa ya kapari, na mzee aliyemfundisha alikuwa anaingiza mkono hadi kwenye kiwiko kupima joto la katikati. Mimi nafanya hivyohivyo kwenye gunia la dagaa.

Alinipa kapari tatu kwenye kijisahani. Moja na chumvi yake kama ilivyotoka kwenye chupa. Ya pili imesuuzwa mara moja. Ya tatu imelowekwa tangu saa sita mchana na maji yamebadilishwa mara tatu. Ya kwanza ilinikunja uso. Ya pili ilikuwa chumvi na kitu kingine nyuma yake kinachojificha. Ya tatu ilifunguka: uchachu kama wa ukwaju ambao haujakomaa, halafu harufu ya ua kabisa, halafu ule mwasho wa haradali unaopanda puani na kuondoka haraka. Niliitafuna taratibu na kuomba nyingine. Nawaambia wanaouza vitu vya makopo madukani kwetu: kapari nilizowahi kuonja kwenye siki hazina uhusiano wowote na hizi. Siki inafunika kila kitu. Chumvi ilikuwa imelitunza ua.

Ukaja mkate. Kule unaitwa *pane cunzato*, na kijana alipotafsiri nilifurahi mpaka nikampiga binti yangu begani: mkate ulioungwa! Yaani vilevile tunavyosema mboga imeungwa kwa nyanya na kitunguu, wao wanaunga mkate. Zamani mkate ulichomwa mwingi kwa siku nyingi, ukakatwa na kurudishwa kwenye tanuri mpaka ukauke kabisa, ukabebwa na mvuvi kwenye boti, ukalainishwa kwa maji wakati wa kula. Wasukuma tuna jibu letu kwa swali hilohilo, nalo ni michembe na matobolwa. Viazi vitamu vinakatwa na kuanikwa, au vinachemshwa kwanza ndipo vinaanikwa, vinakaa kwenye kihenge mpaka njaa ije.

Nilimwomba nisimame jikoni nitazame, akakubali. Alichukua duara la mkate mgumu, ukigonga unalia kama ubao. Akalizamisha kwenye maji, akahesabu kimoyomoyo mpaka saba, akalitoa na kulisimamisha kwa ukingo lichuruzike. Kisha mafuta ya zeituni, mengi kuliko ambavyo ningethubutu mimi. Nyanya ndogo akazikamua kwa vidole juu ya mkate ili maji yake yaingie kwanza, ndipo akaziweka zenyewe. Kitunguu chekundu chembamba kiasi cha kuona mwanga. Kapari zilizolowekwa. Oregano, majani makavu ya kunukia, akiyasugua kwenye viganja. Jibini gumu lililokunwa. Juu kabisa, mahali ambapo kule wangeweka dagaa wa baharini waliokaa kwenye chumvi, yeye aliweka dagaa wetu wa ziwa waliokaangwa wakawa wakavu.

Mkate huo ni mzuri sana. Nje umelainika, katikati umebaki na ugumu wa kutafuna, na ukifika chini unakuta mafuta na maji ya nyanya yamekutana. Ningelipa nusu ya fedha ile kwa mkate peke yake. Lakini nilihisi mchanga kwenye jino. Ulikuwa mara moja tu, na mara moja inatosha kuharibu. Dagaa wale walikuwa wamekaushwa mchangani, na anayemuuzia alimwambia ni wa kichanja. Nilimweleza kijana palepale namna ya kutofautisha: wa kichanja tumbo lake linang'aa kama fedha na halijavunjika, ukimwaga kiganjani na kupuliza hakibaki kitu. Wa mchangani ana vumbi kwenye mataya. Tofauti ya bei kwenye sado moja haifiki kiasi cha kumkosea mgeni aliyelipa 60,000. Alisikiliza akiwa amesimama wima, hakujitetea, akaenda kuwatoa wote kwenye sahani za meza nyingine. Hilo nimeliheshimu.

Saladi ya viazi, nyanya, kitunguu na kapari sina la kuisemea zaidi ya kwamba viazi vilikuwa vya moto kidogo na hilo ndilo linalotakiwa, kwa sababu kiazi cha moto kinakunywa mafuta.

Samaki. Kule wangetumia nduaro au mwingine wa bahari mwenye nyama ngumu, apikwe kwenye nyanya, kitunguu, zeituni na kapari. Mtindo huo wanauita *alla ghiotta* na uko pia upande wa pili wa maji, Messina, mji wa Sicily. Kijana ametumia sangara, mnofu mnene wa upande wa mgongoni. Nimeona sangara akipikwa kila namna, na mara nyingi mafuta yake yanakulemea kabla hujamaliza. Hapa uchachu wa nyanya na kapari ulikuwa unayakata mafuta kila tonge, ukitamani jingine. Aliuzima moto mapema, nyama ikaachana yenyewe kwa uma vipande vipana vinavyong'aa. Binti yangu aliagiza ugali kidogo wa kufutia mchuzi, na kijana akauleta bila kukunja uso. Ugali wa muhogo. Ulikaa na mchuzi ule kana kwamba vimezaliwa nyumba moja.

Ngisi hapana. Filicudi na Stromboli ngisi huvuliwa usiku kwa taa, kama sisi tunavyovua dagaa, kwa karabai zamani na sasa kwa taa za sola. Wanajazwa mkate, kapari na majani ya giligilani aina ya kule, wanapikwa na mvinyo. Kwa maelezo, kinapaswa kuwa chakula cha ajabu. Ila huyu wa Capri Point alikuja Mwanza akiwa amegandishwa kutoka Dar es Salaam, akayeyuka njiani mahali fulani, akagandishwa tena. Hilo si la kukisia. Nyama iliyogandishwa mara mbili inatoa maji meupe na inakuwa kama mpira, na harufu ya friji haiondolewi na kapari wala na mvinyo. Nilimwacha kwenye sahani. Ushauri wangu kwa mpishi niliutoa wazi na nauandika hapa tena: mtoe. Jaza vitu hivyohivyo ndani ya sato mdogo aliyevuliwa alfajiri, uone.

Sasa nifike kwenye mvinyo, ambao ndio umenifanya niandike.

Unaitwa Malvasia delle Lipari, ingawa mwingi wake unatoka Salina. Sheria ya Italia imelilinda jina hilo tangu 1973. Zabibu zake karibu zote ni nyeupe za aina ya Malvasia, pamoja na sehemu ndogo ya nyeusi ndogondogo ziitwazo Corinto Nero. Huachwa ziive kupita kiasi, huvunwa karibu na katikati ya Septemba, kisha hazipelekwi kukamuliwa. Zinaanikwa. Zinatandazwa juu ya mikeka ya matete juani, siku kumi mpaka kumi na tano au zaidi kidogo. Asubuhi zinatolewa nje, jioni mikeka inabebwa kuingizwa ndani kabla ya umande, kila siku, mpaka zabibu inajikunja, maji yanapungua na utamu unabaki. Ndipo inakamuliwa.

Kijana aliponieleza habari ya umande, niliweka glasi chini. Mwaka mmoja, Novemba, nilikuwa na dagaa wa kujaza magunia kumi na nane juu ya vichanja. Nilikwenda msibani Magu nikamwachia mtu. Mvua ikaja saa kumi alfajiri, naye alikuwa amelala. Nilirudi mchana nikakuta zimeshalowa, zimeshaanza kunuka, rangi imekufa. Zote zilikwenda kwa watengeneza chakula cha kuku, kwa bei ya kutupa, na ada ya muhula ule tuliikopa. Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba huko kuna watu wanaobeba mikeka ya zabibu jioni hadi jioni kwa wiki mbili, sioni mandhari ya kupendeza. Naona migongo, na mtu anayeamka usiku kuchungulia mawingu.

Na mvinyo huu nusura upotee kabisa. Mwishoni mwa karne ya 19 mdudu anayekula mizizi ya mizabibu, aliyekwisha maliza mashamba mengi ya Ulaya, aliingia visiwani. Mizabibu ilikufa, na watu wakapanda meli kwenda Amerika na Australia. Matuta yakabaki kwa miiba na kapari. Waliosalia waliendelea kutengeneza kidogo, cha nyumbani. Miaka ya 1960 alifika Salina mchoraji kutoka Brescia, kaskazini mwa Italia, jina lake Carlo Hauner. Akakipenda kisiwa, akaanza kukusanya vishamba vilivyoachwa na kupanda upya, na jina la Malvasia likarudi kusikika nje. Nilipenda kwamba kijana alilitaja jina hilo kwa adabu, kama tunavyomtaja mtu aliyechimba kisima.

Glasi ni ndogo, ya vidole vitatu. Rangi ni ya asali ya nyuki wadogo ukiinyanyua juani. Harufu ilinipeleka kwa bibi yangu Misungwi, siku wanzuki unapotolewa kwenye chungu: asali, lakini asali iliyokwisha tembea. Mdomoni kwanza ni tunda lililokauka, lile la jamii ya plamu analoliita aprikoti, halafu chungwa, halafu, nikiwa nimeshameza, chumvi. Nilifikiri ni kapari zimebaki ulimini. Nikasukutua kwa maji, nikaonja tena. Chumvi ipo, nyembamba sana, mwishoni, na ndiyo inayouzuia utamu usikwame kooni. Mvinyo mtamu wa Dodoma ninaonunua Krismasi ninaupenda, ila glasi ya pili inanichosha. Huu uliisha nikiwa bado nausikiliza.

Unakuja na biskuti ngumu za ufuta, na unaruhusiwa kuchovya. Kwa wasiotumia kilevi kuna *granita*, barafu iliyokwanguliwa ikawa kama chengachenga laini. Kijiji cha Lingua huko Salina kinasifika kwa hiyo. Yeye ameitengeneza kwa machungwa ya Ukerewe. Mwanamke wa meza ya jirani, aliyevaa hijabu, aliomba bakuli la tatu.

Bei: 60,000 ni fedha nyingi Mwanza, sitazunguka. Kwa chakula cha sahani sita chenye sahani moja mbovu na moja yenye mchanga, ningesema 45,000 ndiyo haki, mpaka arekebishe. Shilingi 15,000 ya Malvasia silalamikii hata kidogo, nikijua ilivyoanikwa. Ngazi za mwambani hazina pa kushika na taa ni moja. Mzee wa magoti mabovu asishuke usiku bila mtu. Tulisubiri dakika arobaini kati ya mkate na samaki. Choo kisafi, sabuni ipo, maji yapo.

Tulipokuwa tunaondoka kijana aliniuliza kama ningemuuzia dagaa mwenyewe, wa kichanja. Nikamwambia nitamletea sado mbili kila Ijumaa, na mimi nikamuuliza yale matete ya mikeka yanasukwa mapana kiasi gani. Alinionyesha kwa mikono.

Wiki iliyofuata nilinunua kilo nne za zabibu za Dodoma sokoni, zilizoiva mpaka zinanata. Zipo juu ya kichanja changu cha nyuma ya nyumba, zimefunikwa chandarua kwa ajili ya nzi. Leo ni siku ya tisa. Zimepungua karibu nusu na ngozi imekuwa ya kahawia. Asubuhi nimezigeuza moja moja, saa kumi na moja na nusu jioni hii naziingiza ndani, na Jumamosi nampelekea azione.